Mume wangu ana miezi 7 bila pombe, mbona mimi ndiye siponi?

MamaWawili

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Nitaandika kwa kirefu, mnivumilie, maana haya sijamwambia hata mdogo wangu wa kunifuata.

Katika miaka 11 ya ndoa yetu, mume wangu amekunywa karibu yote. Sasa ana miezi 7 hajagusa. Hajagusa kweli, si ile ya "nimepunguza". Kila mtu ananipongeza. Mama mkwe hupiga simu akilia kwa furaha, nami namwambia tunamshukuru Mungu, nakata simu, kisha naenda bafuni kuchungulia nyuma ya tangi la choo.

Ndiko alikokuwa anaficha. Nyuma ya tangi, ndani ya gambuti zake, na mara moja kwenye ile chupa ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi. Nilinyunyiza shati la shule la mtoto, nikapitisha pasi ya moto, nyumba nzima ikanuka pombe kali. Mtoto akaenda shule na shati hilohilo, halikuwepo jingine.

Usiku ndio balaa. Zamani nilikuwa najua hali yake kabla hajaingia. Ufunguo ukikwaruza mara mbili tatu bila kupata tundu, nawaambia watoto zimeni taa, kila mtu kitandani. Siku hizi unaingia mara moja tu, taratibu, na bado najikuta nimekaa wima nimebana pumzi. Akiondoka mezani nakinusa kikombe chake. Juzi alinikuta nimekiweka puani. Hakusema neno. Alikichukua akaenda kukiosha mwenyewe. Bora angegomba.

Na mdogo wetu, wa miaka 9, kila akilala anapanga viatu vyake kando ya kitanda, ncha zimeelekea mlangoni. Nilimfundisha mimi, enzi zile tunakimbilia kwa jirani usiku. Sijawahi kumwambia aache.

Kinachonitisha zaidi ni hasira. Alipokuwa analewa sikuwa na nafasi ya kukasirika, nilikuwa na kazi. Kupiga simu ofisini kwake kusema anaumwa. Kuomba wadai watuongeze wiki. Kumgeuza alale ubavu asije akapaliwa na matapishi. Leo amekaa sebuleni msafi, anaongea kwa upole, anamwambia mtoto "uongo si tabia nzuri", nami mikono inaniwasha kumrushia chochote kilicho karibu.

Hivi hii ni kawaida? Nimwambie kwamba bado namkagua? Mtoto nimweleze nini? Na hii hali huisha lini?

Mzee_wa_Kona

Binti yangu, shukuru. Wenzio wanazika. Mwanamume akichunguzwachunguzwa hurudi kwenye chupa, na hapo lawama zote zako. Funika ya nyuma, mtunze mumeo.

Seremala9

Mzee wangu, heshima yako, ila hapo sikubaliani. Mimi ni mraibu, nina miaka 9 tangu niache heroini, na pombe niliiacha pamoja nayo. Hakuna mtu aliyenirudisha kwenye unga kwa kuninusa. Nilirudi mara tatu, zote kwa miguu yangu, na mara zote tatu nilikuwa na jina la mtu wa kumsingizia. Tusimpe dada huyu mzigo wa pili.

Dada MamaWawili, ngoja nikusimulie upande wa anayenuswa. Niliporudi nyumbani, mama yangu alilala na pochi yake imefungwa shingoni kwa kamba ya kiatu. Miaka miwili. Ilikuwa inaniuma, na nilijiona nimeonewa sana, mimi niliyeuza cherehani yake na redio na mlango wa stoo. Ndiyo, mlango. Niliung'oa na bawaba zake.

Mshauri wangu aliniambia kitu ambacho wakati ule sikukipenda: usimwombe akuamini. Imani si deni analodaiwa yeye. Aliyedanganya ndiye abebe kazi ya kuthibitisha. Basi nikawa kila jioni nikiingia namwaga mifuko yangu mezani bila kuulizwa. Misumari, penseli, risiti ya gundi, sarafu. Mwanzoni alikuwa anatazama kimoja kimoja. Baadaye akawa anatazama huku anaongea na mtu mwingine. Kuna siku nilimwaga, akaniambia, "Hebu ondoa takataka zako mezani." Nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Kwa hiyo jibu langu: mwambie. Mwambie unakagua wapi na wapi. Kama amepona kweli litamchoma, lakini hatakufa. Kinachotuua sisi ni siri. Nilipokuwa natumia, maisha yangu yote yalikuwa siri, na nyumba yenye siri mraibu anaifahamu kuliko kiganja chake.

Moja la pembeni, kwa wenye ndugu anayetumia heroini na aina hizo. Arosto yake, yaani hali ya mwili mtu anapoikosa, inatesa, mtu anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma, hapati usingizi, lakini mara nyingi haimuui mtu mzima mwenye afya. Hatari kubwa iko pale anaporudia. Mimi nilikaa miezi mitatu safi, nikarudia kwa dozi yangu ya zamani. Mwili ulishaisahau. Nikaacha kupumua. Niliamshwa na naloksoni, dawa inayoiondoa heroini kwenye vipokezi vyake ubongoni. Huwekwa puani au kwa sindano, na hata mtu wa familia hufundishwa kuitumia. Baada ya kumpa lazima umkimbize hospitali, kwa sababu naloksoni huweza kuisha nguvu kabla ya heroini.

MuuguziWaUsiku

Seremala, asante kwa hilo la naloksoni, liko sawa. Dada, niulize kwanza: mumeo aliachaje? Peke yake au chini ya uangalizi?

MamaWawili

Safari hii hospitali, kisha wiki kadhaa kwenye nyumba ya waraibu. Ila kuna mwaka alijifungia chumbani mwenyewe aache. Siku ya tatu akaanza kuokota sisimizi kwenye shuka. Hakukuwa na sisimizi. Akaniita kwa jina la dada yake. Jioni akaanguka, meno yamekaza. Tangu hapo sikumhimiza tena aache, nitasema ukweli. Niliogopa.

MuuguziWaUsiku

Uliogopa kitu cha kuogopwa. Wengi hudhani arosto ya pombe ni nyepesi kwa kuwa pombe ni halali. Ni kinyume. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka akikata ghafla, mikono huanza kutetemeka baada ya saa chache. Degedege huweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne ndipo wengine huanza kuweweseka: anaona wadudu, hajui yuko wapi, jasho, homa, moyo unakwenda mbio. Hiyo huua. Ndiyo maana hospitali humpa dawa za kutuliza kwa vipimo, tunazipunguza siku kwa siku, pamoja na vitamini B1, kwa kuwa ulevi wa muda mrefu huimaliza mwilini na bila hiyo ubongo huweza kuharibika usirudi. Kumfungia mtu chumbani si tiba, hata mkimfungia kwa upendo.

Baada ya hapo zipo dawa za kumsaidia asirudie. Naltreksoni hupunguza hamu na ile raha ya kunywa. Disulfiramu humfanya akinywa awe mwekundu, atapike, moyo umdunde. Hiyo lazima ajue anaimeza. Wapo wake wanaoitia kwenye kinywaji cha mume kwa siri. Msifanye hivyo, mtamuua.

Sasa wewe. Usingizi wake mwenyewe unaweza kuwa wa kuyumba miezi mingi baada ya kuacha, hasira zake pia, hilo mliambiwa nadhani. Lakini wako hakuna aliyekuuliza. Miaka 11 mwili wako umefundishwa kwamba sauti ya ufunguo ni hatari. Yeye alilazwa, akapewa mshauri, akapewa ratiba ya vikao. Wewe ulipewa mgonjwa na karatasi ya miadi.

Na kuhusu kumrushia kitu, hapo umenichekesha, maana umetanguliwa. Alcoholics Anonymous, vile vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha, ilianzia Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1935, na mmoja wa waanzilishi wake ni Bill Wilson. Mkewe Lois alihangaika na ulevi wake miaka na miaka. Bill akaacha. Siku moja akamhimiza Lois wafanye haraka wasichelewe mkutanoni. Lois akamtupia kiatu. Mume hanywi tena, ndoto yake imetimia, naye anarusha kiatu! Mwenyewe alishtuka, akaona kwamba naye ana jambo lake la kushughulikia. Mwaka 1951 akashirikiana na mwenzake kuanzisha Al-Anon, kwa ajili ya familia za walevi. Vikao vya aina hiyo tafuta. Ulizia palepale alipotibiwa.

Huisha lini? Sikudanganyi kwa kukupa tarehe. Wagonjwa wengi huteleza angalau mara moja, kwa hiyo tahadhari yako si wazimu. Nataka tu isikae kitandani kwako kila usiku.

BintiMkubwa

Mimi naandika kwa ajili ya viatu.

Baba yangu aliacha pombe nikiwa na miaka 14. Nyumba ikakubaliana, bila mtu kusema, kwamba hatutaongea habari zile. Picha zikatundikwa upya. Mama akashona pazia jipya pale lililochanika. Nilifika mahali nikaanza kujiuliza kama niliota. Nina miaka 34, na hadi leo mtu akiingia chumbani, hata bosi, kitu cha kwanza natazama macho yake kama yana wekundu, halafu namsikiliza anavyoburuta neno la kwanza. Ofisini wananisifu eti naelewa watu.

Mama, usiviondoe viatu. Usimwambie "baba amepona, hakuna haja". Hiyo ni amri ya kutoogopa, na mtoto hawezi kuitii, atajifunza tu kuficha. Mwambie ulichoona: "Naona unapanga viatu vyako. Najua sababu. Ilitokea kweli, na halikuwa kosa lako." Kisha nyamaza. Mimi hiyo "ilitokea kweli" ningeilipia mshahara wa mwaka.

Na ikiwezekana aseme baba. Kuombwa radhi tunapenda, lakini mimi zaidi ningependa baba aonyeshe kwamba anakumbuka.

Mzee_wa_Kona

Nimesoma yote. Seremala, umenijibu kwa adabu. Niliandika kama baba wa mlevi, sikusema. Nimemfunikia mengi sana yule kijana. Ngoja niishie hapo.

MamaWawili

Nimerudi, wiki mbili zimepita. Nilisoma kila jibu, mengine nikiwa bafuni, mlango nimefunga.

Nilimwambia. Jumapili watoto wakiwa nje. Nikaanza na tangi la choo, nikaenda gambuti, nikaenda kikombe, ingawa kikombe anajua. Aliinamisha kichwa muda mrefu. Kisha akasema, "Umesahau sehemu mbili." Moyo wangu ukashuka hadi kwenye magoti. Akasimama, akaleta ngazi, akafungua kile kibao cha dari cha korido. Kulikuwa na chupa. Nusu. Akanipa mkononi bila kunitazama.

Nitakiri: kitu cha kwanza nilichofanya ni kupitisha kidole kwenye bega la chupa. Vumbi lilikuwa nene, limeshikana na utando wa buibui. Anasema aliisahau, alikuja kuikumbuka nilipokuwa nazitaja zile nyingine. Kidole kinamwamini, mimi bado nafikiria. Tuliimwaga kwenye sinki pamoja, mimi nimeshika chupa, yeye amefungua bomba. Sehemu ya pili palikuwa patupu.

Kuhusu viatu, BintiMkubwa, nilimsomea ulichoandika. Hakumaliza kusikiliza, alitoka. Nikadhani nimeharibu. Usiku nikamkuta ameketi sakafuni chumbani kwa mtoto, karibu na viatu. Akamwambia, "Hivi ni kwa ajili yangu, eti?" Mtoto akasema, "Vinakaa hapo." Akamjibu, "Sawa, vikae." Hayo tu. Viatu bado viko pale, na ncha bado zimeelekea mlangoni. Ila sasa baba ndiye anayevipiga rangi kila jioni na kuvirudisha vilevile vilivyokuwa.

Kikombe leo sijakinusa. Jana nilikinusa.

Muuguzi, niliulizia kikao cha familia, kipo, ni Alhamisi saa kumi na moja. Nilikuwa bado najifunga kitambaa mume wangu akatokea mlangoni, ufunguo mkononi, akaniambia, "Fanya haraka mama, utachelewa kikao chako." Dada yangu, nilikitazama kiatu.