Naomba ushauri: nimekwama kwenye Cut Piece ya Yoko Ono

Wakuu, salaam. Naandaa wasilisho la semina kuhusu mwili wa mwanamke katika sanaa ya maonyesho ya kifeministi, na nimekwama.

Kazi niliyochagua ni Cut Piece, ya msanii mzaliwa wa Japani, Yoko Ono. Ono aliionyesha mara ya kwanza Kyoto, 1964: ameketi jukwaani kimya, amekunja magoti, mkasi uko mbele yake. Watazamaji wanapanda mmojammoja, wanakata kipande cha nguo yake na kuondoka nacho. Ipo filamu ya onyesho la New York la 1965. Wengine wanakata kijipande kwa aibu. Kisha anapanda kijana mmoja, anakata bila haraka mpaka mikanda ya sidiria. Ono anaziba kifua kwa mikono, macho yanahamahama kidogo. Hapo mimi huwa nasimamisha video.

Shida ni kwamba maelekezo aliyoandika mwenyewe yanasema mtendaji si lazima awe mwanamke. Na aliporudia Paris mwaka 2003, akiwa na miaka 70, alizungumzia amani. Utangulizi nimeuandika mara tatu, kila mara najikuta namlisha maneno.

Naombeni msaada kwa mawili. Naweza kuiita kazi ya kifeministi bila kumsingizia msanii? Na kile kipande cha kijana na mkasi, nikionyeshe darasani au nikisimulie tu? Nachelea kuwageuza wenzangu watazamaji walewale.

Asanteni.