Panya kutobolewa fuvu ili tujue anavyokumbuka njia: ni haki?

Kapuku wa Mbagala (mleta mada): Wadau, nimesoma habari za John O'Keefe wa University College London. Mwaka 1971 alipachika vinyaya vyembamba kwenye ubongo wa panya, sehemu inaitwa hipokampasi. Akaona seli moja inalia tra-tra-tra panya akifika kona fulani tu. Akihama kona, hiyo inanyamaza, inaamka nyingine. Kumbe panya ana ramani kichwani. 2014 wakampa Nobel. Swali langu: nani kampa ruhusa ya kumtoboa kiumbe wa Mungu kichwa? Leteni hoja, matusi hapana.

Binti Ukerewe: Aje anichukulie wa kwangu bure. Kanitafunia vitenge viwili vya harusi, na ramani ya kabati langu anaijua kuliko mimi.

Mwalimu Tosha: Mleta mada, faida ipo. Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, inaanza kushambulia eneo hilohilo na jirani yake, ndiyo maana mzee anapotea njia ya msikitini aliyoizoea miaka. Kwenye hilo eneo jirani, May-Britt na Edvard Moser wa Norway waligundua 2005 seli zinazowaka kwa mpangilio wa pembe sita, kama sega la nyuki. Nobel waligawana na O'Keefe. Na Eleanor Maguire, 2000, alipima bongo za madereva teksi wa London, akakuta hipokampasi upande wa nyuma imekuwa kubwa. Hawa wetu wa "tunapita wapi bosi" sijui angekuta nini humo.

Dereva Tandika: Mwalimu, dharau hiyo umeitoa wapi? Nina miaka 14 barabarani. Huyo wa London mtaa una jina na nyumba ina namba. Mimi abiria ananiambia "nishushe pale kwenye mwembe uliokatwa". Mwembe haupo! Na namfikisha.

Binti Ukerewe: 😂😂 mwembe uliokatwa

Mzee wa Hoja: Dereva usitoe povu. Wale wanakariri mitaa kama 25,000 na mtihani juu. Wewe leseni uliipataje?

Dereva Tandika: Uliza polisi, siyo mimi.

Chausiku: Mbona mnaenda London wakati panya wenye akili wako Morogoro? Magawa si alipewa medali na malkia kwa kukumbuka mabomu yalipo?

Mwalimu Tosha: Dada Chausiku, siyo malkia. Ni shirika la wanyama la Uingereza, PDSA, 2020. Na hakukumbuka, alinusa. Panya buku wa APOPO, lile shirika la hapo Morogoro, wanafundishwa kunusa baruti, kisha Magawa akapelekwa Kambodia. Alikuwa mwepesi, hata akikanyaga bomu halilipuki. Malipo ndizi na karanga.

Kapuku wa Mbagala: Umeona sasa! Huyo kafanya kazi, kala ndizi, kastaafu 2021. Hakutobolewa. Turudi kwenye swali langu.

Chausiku: Malkia, shirika, si Uingereza ileile. Mwalimu unapenda kusahihisha watu.

Mzee wa Hoja: Na kuficha anapenda. Mwalimu, mbona hukusema madereva wale hipokampasi ya mbele ilikutwa ndogo kuliko ya wengine? Ubongo ulikopa huku ukajaza kule.

Mwalimu Tosha: Sijaficha, nimefupisha.

Dereva Tandika: Kwa hiyo nikijua njia, kuna kingine napoteza? Mke wangu asione huu uzi. Ila nakuambia kitu: tangu niwashe ramani ya simu, mitaa ya Sinza niliyokuwa napita nimefumba macho sasa naiulizia. Hilo halihitaji panya.

Mwalimu Tosha: Basi tukubaliane, ulikuwa unauliza bosi.

Dereva Tandika: Haya wewe usiyeuliza. Zima simu. Uko Tabata Dampo, unataka Kigogo. Taja njia.

Mwalimu Tosha: Hiyo? Inanyooka. Unashuka bondeni, unavuka, umefika.

Binti Ukerewe: Mwalimu, na mvua hii iliyonyesha?

Dereva Tandika: Mwacheni ashuke. Mimi nimekaa pale ng'ambo na bajaji yangu namsubiri aanze kuogelea.

Kapuku wa Mbagala: Jamani, panya…

Mzee wa Hoja: Angepitia Buguruni, azungukie Ilala Boma.

Chausiku: Saa hizi? Foleni ya Buguruni hiyo atazeekea humo.