Mgahawa wa Kifilipino wa kifamilia, naagizaje?

mlaji_mpya: Wakuu niko Manila kikazi, karibu na ninapolala kuna kamgahawa ka familia, mama anapika binti anapakua, masufuria yamepangwa nyuma ya kioo na menyu hakuna. Naanzaje? Halafu mimi nguruwe sili kabisa.

ukwaju: Hiyo ni turo-turo mkuu, yaani onyesha-onyesha, unanyooshea kidole sufuria unayotaka unapakuliwa, wali unaomba pembeni. Anza na sinigang, mchuzi mchachu wa ukwaju, wa kamba pia upo, ukiumwagia kwenye wali wa moto we acha tu. Kisu usitafute, wanakula kwa kijiko na uma, kijiko ndo kinakata.

wa_jikoni: Kwenye nguruwe uwe makini, hata mboga mara nyingi wanatia vipande, na adobo, nyama iliyopikwa kwa siki na sosi ya soya, kuna ya kuku na ya nguruwe kwa hiyo uliza sufuria kwa sufuria. Ule mchuzi mweusi, dinuguan, ni damu! Mimi nilidhani maharage, nakuja kushtuka kijiko kiko mdomoni 😂

mlaji_mpya: Duh! Asanteni, kesho nawahi kabla masufuria hayajabaki matupu.