Bukini mwenye tumbo jeusi katikati ya wenzake wenye tumbo hafifu, Dublin. Ni yupi huyu?

MwanaPangani:
Salamu wapenzi wa ndege. Naishi Dublin, karibu na kisiwa cha Bull Island, na majira ya baridi hawa bata bukini wadogo wa pwani (kwa Kiingereza brent) ndio wanaoniliwaza. Nimekulia Pangani, hivyo kila asubuhi jambo la kwanza ni kutazama maji. Yakipwa, huwakuta wametapakaa matopeni wakichuna nyasi bahari, na ile sauti yao ya kooni haikatiki. Yakijaa huhamia viwanja vya mpira, wakala majani ya nchi kavu.

Wa hapa nawajua: kichwa, shingo na kifua ni masizi matupu, shingoni kuna alama nyeupe kama shanga zilizokatika uzi, na tumbo ni kijivu hafifu. Weusi wa kifua unakoma ghafla, kama umekatwa kwa mkasi. Lakini jana, kwenye kundi la kama mia mbili, mmoja alikuwa na tumbo jeusi hata sikuona kifua kinaishia wapi. Ubavuni ana baka jeupe linalong'aa. Nilimkazia darubini mpaka vidole vikafa ganzi. Ndiye yule brent wa Siberia, mwenye tumbo la kukolea? Picha imetoka ukungu mtupu.

Babu wa Essex:
Mwanangu, wa Siberia ndio majirani zangu hapa Southend, Uingereza. Wanazaliana rasi ya Taimyr. Tumbo lao ni kijivu kizito, kama sufuria ya zamani, na jua likipiga vizuri bado utaona kifua kinapoachana na tumbo. Ubavu hauna mng'ao huo unaousema. Nieleze ile alama ya shingoni: imekatika mbele au imekutana?

MwanaPangani:
Shikamoo babu. Imekutana! Alipoinua kichwa niliona mkufu mpana umezunguka hadi chini ya kidevu. Nilidhani ni mwanga tu.

Mtazamaji_Padilla:
Dada, huo mkufu ndio jibu. Huyo ni wa Pasifiki, nususpishi ya *nigricans*. Huzaliana Alaska, Kanada magharibi na mashariki ya mbali ya Siberia, na wengi hushuka hadi Baja California, Meksiko. Hao wa kwako wenye tumbo hafifu, nususpishi ya *hrota*, wanatoka visiwa vya Aktiki ya Kanada, wanavuka barafu ya Greenland na kupumzika Aisilandi. Huyo bila shaka alifuatana na kundi lisilo lake huko kaskazini, na hutokea Ayalandi mara chache.

Ila usihukumu kwa tumbo peke yake. Hapa Padilla Bay, jimbo la Washington, tuna bukini wa kisiwa cha Melville, Kanada, na matumbo yao ni ya katikati: mmoja hafifu, mwenzake amekolea. Pia wapo machotara. Kwa chotara ubavu hufifia, na mgongo huwa na ukahawia zaidi. Na tazama mabawa: akiwa na mistari myeupe ni kinda wa mwaka huu, na makinda huchelewa kupata alama ya shingo.

Babu wa Essex:
Marahaba mwanangu. Nakubaliana na huyu wa Padilla. Hapa kwetu hao wa Pasifiki huonekana mmojammoja, na nikimpata siondoki hadi giza linipeleke nyumbani.

MwanaPangani:
Nimerudi leo, maji yamekwenda mbali kweli. Nimempata! Mabawa hayana mstari hata mmoja, si kinda. Mgongo umekolea, mkufu mzima. Na hayuko peke yake: anatembea bega kwa bega na jike au dume mwenye tumbo hafifu, sikuweza kutofautisha, na nyuma yao makinda mawili yenye mistari mabawani. Wengine wakiwasogelea, yeye huinamisha shingo na kuwafukuza. Matumbo ya makinda si meupe wala si meusi, na ubavu wao ni wa vumbivumbi.

Kesho maji yanapwa kama saa tano. Nitakuwa pale daraja la mbao tangu saa tatu.