Fomu imeandikwa C3: ndiyo hatua ya tatu kati ya sita?

Muyeye_02 (Malindi)

Assalaam alaykum wajuzi. Nina fomu ya ultrasaundi ya bi mkubwa, umri miaka 58, mguu wa kushoto. Kazi yake ni mahamri na viazi karai, kusimama mbele ya moto kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa tano. Mstari wa mwisho wa fomu unasema "C2,3s Ep As Pr". Juu yake: vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ndefu ya upande wa ndani wa mguu, kipenyo milimita 7.8 pajani, damu inarudi nyuma kwa sekunde 2.4. Vena za ndani ziko wazi, hazina damu iliyoganda.

Aliyempima alimwambia "uko C3", foleni ikasonga. Nyumbani wamelichukua kuwa ni hatua ya 3 kati ya 6, yaani ameshafika nusu ya safari na mwisho wake ni donda. Ni hivyo? Ni kitu gani hasa kinachomtoa mtu namba moja hadi nyingine? Halafu kuna anayemshauri afanyiwe hijama palepale mshipa ulipotuna, na kuna anayesema anunue soksi za kubana. Dukani ziko aina tatu na muuzaji auliza "wataka namba ngapi?"

Dopla_Kando

Wa alaykum salaam. Tuanze na fomu, maana imeandikwa vizuri kuliko ilivyosomwa.

Huo ni mfumo wa CEAP, wa kupanga magonjwa ya vena. Ulitungwa mwaka 1994 na wataalamu wa vena waliokutana Hawaii, ukarekebishwa 2004 na tena 2020. C ni kile kinachoonekana kwa macho na kushikika kwa mkono. E ni chanzo: "p" maana yake hitilafu imeanzia kwenye ukuta na vali (vilango vya kuzuia damu isirudi) za vena yenyewe, ingekuwa imeletwa na damu iliyoganda zamani, ingeandikwa "s". A ni mahali: "s" ni vena za juu juu, zile za chini ya ngozi; za ndani ya misuli ni "d", na zile fupi zinazotoboa kuunganisha za juu na za ndani ni "p". P ya mwisho ni aina ya hitilafu: "r" damu inarudi nyuma, "o" njia imeziba. Ile "s" ndogo iliyogandamana na C3 ni kwamba ana dalili anazozihisi mwenyewe, kama uzito, kuwaka moto au kukamatwa na mshipa usiku. Asiyehisi kitu huandikiwa "a".

Sasa namba za C. C0 hakuna cha kuonekana. C1 ni vijimshipa kama utando wa buibui, vyembamba kuliko milimita 1, au vya kibuluu vya milimita 1 hadi 3. C2 ni mishipa iliyotuna, milimita 3 na zaidi, na kipimo hicho huchukuliwa mtu akiwa wima. Akilala mishipa hunywea na mtu wa C2 aweza kuonekana mzima. C3 ni uvimbe. C4 ni ngozi iliyobadilika, C5 donda lililopona, C6 donda lililo wazi.

Angalieni kinachopimwa: C1 na C2 zapima unene wa mshipa, C3 maji yaliyotuama, C4 kwenda mbele ngozi. Ni vitu vitatu tofauti vilivyopangwa mstari mmoja. Kwa hiyo mtu hutoka C2 akaangukia C4 bila kuvimba hata siku moja, na wako wengi wanaobaki C2 maisha yao yote. Ndiyo maana mpimaji mwangalifu huandika "2,3" pamoja, kwa sababu namba kubwa haiifuti ndogo. Na C6 ikipona huwa C5, haishuki zaidi ya hapo. Likifumuka tena huandikwa C6r.

Sekunde 2.4: kwenye vena ya juu juu, ikipita 0.5 ni hitilafu. Kwenye vena kubwa ya ndani ya paja mpaka ni sekunde 1. Kwa hiyo vali zimeshindwa, hilo halina shaka. Ila msilisome kuwa "mara tano mbaya zaidi". Sekunde zasema vali haifungi. Haziwaambii damu inayoporomoka ni nyingi kiasi gani.

Nesi_wa_Bendeji (Malindi)

Naongeza upande wa kinachosukuma ugonjwa, kwa sababu hapo ndipo soksi zinapopata maana.

Mtu akisimama kimya, presha ndani ya vena za unyayo hufika milimita 80 hadi 90 za zebaki. Ni uzito wa nguzo ya damu kutoka moyoni hadi chini, kwa kila binadamu, mzima na mgonjwa. Tofauti iko kwenye kutembea. Shavu la mguu likikaza hukamua damu juu, vali zikaizuia isirudi, na baada ya hatua chache presha huteremka chini ya 30. Vali zikivuja, damu iliyokamuliwa huporomoka tena na presha haishuki inavyopaswa. Anayesimama mbele ya karai kwa muda wa saa saba hapati hata hizo hatua, na joto la moto lapanua mishipa juu ya hilo.

Presha hiyo ikikaa miezi na miaka, maji hupenya nje ya vijimshipa vidogo (uvimbe), kisha chembe nyekundu za damu hufuata. Zikifia ndani ya ngozi huacha chuma, na chuma hicho ndicho rangi ya kutu au nyeusi inayotokea juu ya kifundo upande wa ndani. Hiyo ni C4a, pamoja na ukurutu unaowasha. C4b ni ngozi na mafuta ya chini yake kukakamaa mpaka mguu unafanana na chupa iliyopinduliwa, mwembamba kifundoni na mnene juu, au kutokea mabaka meupe laini ambayo watu huyadhania makovu. C4c, iliyoongezwa 2020, ni shada la vijimshipa vya buluu chini ya kifundo, kuelekea unyayo.

Kwa ngozi nyeusi tahadhari. Wekundu wa vitabuni hauonekani. Tafuteni weusi uliozidi wa mguu wa pili, kung'aa, na ugumu unaousikia kwa kidole. Tena kwa akina mama zetu hina na piko hufunika palepale tunapopatazama. Kabla ya kupimwa, hina iachwe ififie kwanza. Piko la dukani lenye rangi ya nywele ni baya zaidi, kwa kuwa kemikali yake yaweza kuleta mzio wenye malengelenge, na hapo haijulikani tena kama ni ukurutu wa vena au wa piko.

Kuhusu muda: utafiti wa Edinburgh uliwafuatilia watu miaka 13. Katika waliokuwa na mishipa iliyotuna tu, karibu thuluthi moja walifika kwenye uvimbe wa vena au mabadiliko ya ngozi. Thuluthi si watu wachache, lakini pia thuluthi mbili hawakufika. Mpaka ambao mimi naulinda ni C4. Uvimbe hupungua ukibanwa. Ngozi iliyokakamaa ni vigumu kuirudisha, na ndiyo inayopasuka kwa kugongwa na ubao wa kitanda.

Langoni_Kliniki (Lamu)

Yote sawa, ila mimi siikubali hiyo C3 kabla ya kuuliza mengine. C3 ndiyo namba dhaifu kuliko zote kwenye mfumo huu, kwa kuwa uvimbe una wazazi wengi. C2 huwezi kuikosea. Uvimbe ni rahisi kuupachikia mshipa uliokuwa karibu.

Pwani yetu, Lamu hadi Kilifi, ina matende. Bana ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu, pale kinapoanzia. Ikiinuka kama kunjo, vizuri. Isipobanika kwa unene, shuku njia za limfu (zinazoondoa maji ya ziada mwilini). Matende huvimbisha hata mgongo wa unyayo na vidole. Uvimbe wa vena huanzia kifundoni na kwa kawaida huviacha vidole.

Bonyeza muundi kwa kidole gumba sekunde 10. Shimo likibaki ni maji. Miguu yote miwili ikiwa sawasawa, angalia moyo, figo na dawa. Mguu mmoja ukivimba ghafla, shavu likauma na kuwa moto, hiyo si C yoyote, ni damu iliyoganda mpaka ithibitishwe vingine, na huendwa hospitali siku hiyo hiyo. Hilo hasa kwa mzazi aliye ndani ya arubaini yake, maana wiki sita hizo ndizo za hatari na ndizo anazolazwa na kukandwa. Shavu linalouma halikandwi.

Muyeye_02, bi mkubwa anatumia dawa gani? Ana sukari? Na mguu wa kulia ukoje jioni?

Muyeye_02

Sukari hana. Presha anayo, anameza amlodipine, iliongezwa kutoka miligramu 5 hadi 10 tangu Ramadhani. Wa kulia huvimba kidogo jioni, mishipa haina. Vidole vinabanika.

Langoni_Kliniki

Basi tumepata mshirika wa pili. Amlodipine huvimbisha vifundo, na miligramu 10 zaidi ya 5. Mguu wa kulia usio na mishipa ndio shahidi. Kushoto kuna vena na dawa pamoja, kulia yawezekana ni dawa peke yake. Asiiache mwenyewe, presha ya damu ni jambo kubwa kuliko kifundo. Arudi kwa aliyeiandika na swali hilo moja. Zipo njia za kupunguza dozi au kubadilisha kundi la dawa. C2s ni ya hakika. Hiyo 3 naiwekea alama ya kuuliza.

Nesi_wa_Bendeji

Hapo umenizidi, nilikuwa nimeshaanza kumpimia soksi.

Soksi basi. "Namba" ni mambo mawili: saizi na nguvu ya kubana. Nguvu huandikwa kwa milimita za zebaki kifundoni. Kwa mishipa yenye dalili na uvimbe, 20 hadi 30 yatosha. 30 hadi 40 ni ya ngozi iliyokakamaa na donda lililopona, na mtu wa miaka 58 akiuziwa hiyo bila sababu ataitupa kabatini wiki ya kwanza. Zisizoandikwa kiwango chochote msinunue. Inayoishia chini ya goti yatosha kwa wengi, hata kama mshipa umetuna pajani.

Kabla ya kununua apimwe mtiririko wa ateri (mishipa inayoleta damu mguuni). Presha ya kifundo kwa dopla ndogo ya kushika (kifaa kinachosikiliza damu ikipita), igawanywe kwa presha ya mkono, ule wenye namba kubwa zaidi. Kifundo 130, mkono 140, jibu 0.93, avae. Chini ya 0.8 asivae za nguvu bila mtaalamu. Chini ya 0.5 asibanwe kabisa, mguu hauna damu ya kutosha. Ikipita 1.3, hasa kwa wenye sukari, ateri zimekuwa ngumu na namba hiyo haiaminiki.

Vipimo huchukuliwa asubuhi kabla ya kuvimba: mzunguko wa kifundo palipo pembamba, shavu palipo panene, na urefu kutoka sakafuni hadi chini ya goti. Huvaliwa kabla ya kwenda kwenye karai na kuvuliwa wakati wa kulala. Igeuzwe ndani nje hadi kisigino, mguu uingie, ndipo ipandishwe kidogo kidogo kwa glovu za mpira. Ukingo wa juu usikunjwe. Kunjo moja lazidisha mbano na kuwa kamba. Mafuta ya nazi yapakwe usiku, si asubuhi, yanaua mpira wa soksi. Ikaushwe kivulini. Baada ya miezi 4 hadi 6 huwa imelegea hata kama haina tundu.

Kazini: kila karai likiwa motoni ainue visigino mara 20. Nyumbani miguu ipande juu kuliko moyo nusu saa, mara tatu kwa siku. Kuketi barazani miguu ikining'inia hakuhesabiki. Miguu ya kitanda upande wa chini iwekewe matofali, sentimita 15 hivi. Na bahari ipo: maji ya kina cha mita 1 hubana kifundo kwa takriban milimita 75 za zebaki, zaidi ya soksi yoyote. Atembee humo, ila asiwe na kidonda.

Dopla_Kando

Hijama haijajibiwa. Mahali pengine mwilini si mada ya hapa. Juu ya mshipa uliotuna, hapana. Ukuta wake ni mwembamba na presha ya wima ni hiyo 80 hadi 90. Ukichanjwa damu haisimami, na kikombe cha kuvuta chazidisha. Damu "chafu" inayotoka ni nyeusi kwa sababu ni ya vena, haikosi kuwa hivyo, na kesho mshipa unajaa tena kutoka juu kwa kuwa vali bado ni mbovu.

Mshipa ukipasuka wenyewe, hata bafuni: alale chini papo hapo, mguu uinuliwe juu ya moyo, kitambaa safi kigandamizwe pale pale kwa dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia. Msifunge kamba juu ya goti, hufunga vena na kuacha ateri ikiendelea kusukuma. Kisha hospitali.

Akitaka kutibu chanzo, vena ya milimita 7.8 yenye hitilafu ya juu juu peke yake yafungika kwa leza au mawimbi ya redio, kwa povu la dawa, au kwa upasuaji. Aulizie Mombasa. Si lazima angoje donda.

Langoni_Kliniki

Kwanza futikamba. Tieni alama ya kalamu sentimita 10 juu ya kifundo, mpime miguu yote miwili asubuhi na jioni kwa siku 7 kabla ya kubadilisha dawa, na siku 7 nyingine wiki mbili baada ya daktari kuibadilisha. Namba za kulia zikishuka na za kushoto zikabaki, leteni zote hapa pamoja na ile presha ya kifundo.