Ushauri: Kipimo kimoja kinasema figo za baba zimejaa maji, kingine kinasema ni sisti

Binti wa Ngamiani

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu. Ninaandika kutoka Tanga mjini kuhusu baba yangu, mwenye umri wa miaka 62, aliyekulia Muheza na kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge tangu ujana wake. Mwezi uliopita alikwenda kupima presha, akaandikiwa ultrasaundi ya tumbo, na majibu yakasema kwamba figo zote mbili zimejaa maji kwa sababu mirija ya mkojo imeziba. Kwa kuwa aliugua kichocho utotoni, tuliambiwa kwamba makovu ya kichocho ndiyo yaliyoziba mirija hiyo, na kwamba awekewe mipira ndani yake haraka. Tulipopima mahali pengine, mpimaji wa pili aliandika kwamba figo hazijajaa maji, bali zina sisti nyingi katikati, yaani vifuko vya maji, zisizo na dalili za saratani.

Baba hana maumivu, mkojo hauna damu, na kreatinini yake, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ni mikromoli 88 kwa lita. Picha zote mbili ziko mezani mbele yangu, nami naona kitu kilekile: weusi katikati ya figo, uliochanua kama vidole vya mkono. Tumwamini nani kabla mzee hajaingizwa chumba cha upasuaji? Jirani yetu anashauri zitobolewe, maji yatoke, mambo yaishe.

Mpiga Picha Chumbageni

Pole sana, dada. Nimefanya kazi ya picha za hospitali kwa miaka mingi, na mkanganyiko huu naufahamu. Sisti za kawaida huota pembeni mwa figo na hazimsumbui mpimaji, kwa sababu huonekana kama duara jeusi lenye ukuta mwembamba. Za baba yako, kama kweli ni sisti, ni zile adimu zinazoota katika uwazi wa kati wa figo, zikizunguka vikombe vinavyokusanya mkojo. Huwa nyingi, mara nyingi hupatikana kwenye figo zote mbili, na hujibana kufuata nafasi iliyopo, ndiyo maana umeona vidole. Maji ni maji, dada yangu. Kwenye ultrasaundi mkojo uliokwama na maji ya sisti vyote ni vyeusi.

Kinachotenganisha ni kama weusi huo umeungana. Mkojo uliokwama hutengeneza tawi moja, kila kidole kikiingia kwenye beseni la figo, pale mkojo wa vikombe vyote unapokutana, na beseni likiendelea hadi kwenye mrija uliotanuka. Sisti hugusana, lakini kila moja ina ukuta wake. Mpimaji mwenye subira anaweza kuuona ukuta huo akigeuza kifaa taratibu, ingawa si kila mara. Uliza pia kama baba alikojoa kabla ya kupimwa. Tunawaambia wagonjwa wanywe maji na wabane mkojo, na kibofu kikijaa sana, hata figo isiyo na tatizo lolote huweza kuonekana imetanuka kidogo.

Jibu la uhakika ni CT, yaani picha za eksirei zinazopigwa kwa kompyuta, yenye dawa ya kontrasti inayodungwa mshipani ili viungo vionekane vizuri, na hapa naomba uandike: mwombe daktari picha za mwisho, zinazopigwa dakika kadhaa baada ya dawa kudungwa, wakati figo zinapoitoa kwenye mkojo. Vikombe vya mkojo vitang'aa vyeupe, na sisti zitabaki nyeusi pembeni mwake. Nimeshuhudia wagonjwa waliolipia kipimo kizima wakarudi bila jibu kwa sababu picha hizo hazikupigwa, jambo linaloniumiza kila ninapolikumbuka. Ngazi za Bosniak za kupanga sisti za figo, zilizotolewa mwaka 1986 na kurekebishwa mwaka 2019, mtazisikia pia, lakini hizo hupima uwezekano wa sisti kuwa saratani. Hazitawaambia kama mrija umeziba. Kreatinini ya baba ni nzuri, ila mjulishe daktari kama anatumia metformini, dawa ya kisukari, au aliwahi kudhurika na dawa ya picha.

Muuguzi wa Muheza

Nakubaliana na kaka hapo juu, lakini naomba kichocho kisidharauliwe. Huku kwetu ni kweli kwamba mayai ya kichocho huacha makovu kwenye kibofu na sehemu ya chini ya mirija, na figo zikajaa maji kimyakimya kwa miaka, bila mgonjwa kuhisi lolote. Kreatinini nzuri peke yake haiondoi shaka. Mwombe mpimaji atazame ukuta wa kibofu kama umenenepa, na mirija yenyewe kama imetanuka. Mkojo wa kutafuta mayai uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi. Hata hivyo, kwa mtu mzima aliyeugua zamani, kukosekana kwa mayai hakumaanishi kwamba makovu hayapo.

Mwana wa Bagamoyo

Dada, kuhusu kutoboa, nakusihi msikubali sasa. Sisti isiyo na maumivu wala kubana mrija haihitaji kuguswa. Kuna pia sisti adimu za tegu wa mbwa, ambazo huwapata zaidi watu wanaoishi karibu na mbwa na mifugo. Hizo zikitobolewa bila maandalizi, maji yake yanaweza kusababisha mzio mkali na kusambaza ugonjwa. Jina la uvimbe lijulikane kwanza, sindano ifuate ikiwa kuna haja.

Binti wa Ngamiani

Narudi kuwashukuru, ndugu zangu. Tulikwenda Dar es Salaam na baba akapigwa CT, nami nikaomba picha za mwisho kama nilivyoelekezwa. Daktari alinionyesha kwenye kompyuta: vikombe vyeupe, vyembamba, vimesukumwa kidogo kando, na katikati yake sisti nyeusi zisizopokea dawa hata kidogo. Mirija yote miwili ni myembamba hadi kwenye kibofu, na ukuta wa kibofu haujanenepa. Mipira imefutwa. Baba ataendelea na dawa za presha, na daktari ameandika kwa mkono, juu ya ile karatasi ya kwanza, kwamba ni sisti za katikati ya figo, ili asije mtu mwingine akaanza upya.