Niko Yiwu siku ya nne: mzigo ukikamilika nimeshaondoka, nani ataukagua?

MiavuliNaMabegi aliandika:

Wakuu, habari za kazi, na shikamooni mlionitangulia.

Niko Yiwu, mji wa China wenye soko kubwa la jumla, kutafuta miavuli na mabegi ya shule, na hii ndiyo safari yangu ya kwanza China. Nilishuka Shanghai, nikapanda treni ya kasi kituo cha Hongqiao, na hata saa mbili hazikutimia nikawa nimefika.

Niliambiwa soko ni kubwa, lakini ukubwa huu huwezi kusimuliwa ukauelewa. Limegawanywa sehemu kadhaa, na lina fremu zaidi ya 70,000. Mabegi na miavuli viko Sehemu ya Pili, na siku ya kwanza yote sikutoka kwenye ghorofa moja. Jioni nilirudi hotelini miguu imevimba, nina kadi za fremu 43, na ninazokumbuka sura zake ni tatu. Kuanzia siku ya pili napiga picha namba ya fremu kwanza, halafu bidhaa, halafu kalkuleta yenye bei. Hapo ndipo nilipoanza kufanya kazi.

Kilichonigusa zaidi ni utulivu. Hakuna anayekuita wala kukushika mkono. Mwenye fremu anakula wali wake pembeni, mtoto anaandika kazi za shule kwenye meza ileile ya sampuli, na mchana wengi wanalaza kichwa mezani wanasinzia kidogo. Ukiingia anaamka, anaandika bei kwenye kalkuleta na kukusogezea. Nawe unaandika yako. Mama mmoja alininyooshea kidole gumba na cha shahada, nikaelewa yuan mbili. Kumbe kwao hiyo ni nane. Hakunicheka. Aliacha shughuli zake akanifundisha: gumba na kidole cha mwisho ni sita, ncha za vidole zikikutana ni saba, mpaka kumi. Nilitoka pale nina furaha, ingawa sikununua kitu.

Sasa swali. Nimepata miavuli niliyoipenda. Mwenye fremu anataka 30% sasa na 70% kabla ya kupakia, na mzigo utakuwa tayari baada ya siku 20. Mimi naondoka Jumamosi. Nani ataukagua? Na nitajuaje kama ana kiwanda kweli?

KontenaLaPili alijibu:

Marahaba, mwanangu, karibu Yiwu. Umeuliza mapema, kabla hela haijatoka.

Tafuta wakala mwenye ghala. Mzigo unapelekwa kwake, anahesabu katoni, anafungua kadhaa na kukutumia picha na video, ndipo unalipa ile 70%. Ukishalipa yote, huna tena cha kumshikia mwenye fremu. Wakala anachukua asilimia yake, kwa hiyo muulize wazi kama anapata chochote kutoka upande wa fremu pia. Akisitasita, nenda kwa mwingine.

Kwenye oda usiandike "mwavuli mweusi" ukaishia hapo. Andika una vyuma vingapi, kipenyo chake, uzito wa mmoja, unene wa mpini, na vipimo vya katoni. Nunua sampuli mbili zinazofanana. Moja ondoka nayo, nyingine iwekee sahihi na uiache kwa wakala ilinganishwe na mzigo. Mimi niliwahi kuonyeshwa mwavuli wa vyuma 10, ikaja kontena ya vyuma 8, na kwenye karatasi yangu hapakuwa na neno lolote kuhusu vyuma. Nilizunguka na ile hasara karibu mwaka mzima.

KatoniKumi alijibu:

Namheshimu mzee hapo juu, ila kwa safari ya kwanza mimi nisingeagiza kitu cha kusubiri siku 20. Dada, kila fremu uliza: *you huo?* Yaani mzigo upo tayari? Ukiwapo, unaletwa ghalani ndani ya siku chache, unafungua katoni kwa mikono yako mwenyewe kabla ya ndege. Rangi zitakuwa chache na nembo yako haitakuwepo, lakini utajua ulichonunua.

Kuhusu kiwanda: fremu nyingi zinauza tu, kiwanda kiko kwingine. Miavuli mingi inatengenezwa Songxia, eneo la Shangyu, mkoa huohuo wa Zhejiang. Mwambie unataka kukitembelea. Mwenye kiwanda atakupangia siku.

MiavuliNaMabegi aliandika:

Asanteni sana, mzee wangu na wewe KatoniKumi. Nimerudi leo asubuhi. Nilipomwambia nataka kuona kiwanda, alimpigia simu kaka yake palepale, ila nafasi ni wiki ijayo na sitakuwepo. Kwa hiyo oda ile nimeiacha, nimechukua sampuli mbili na namba zake.

Kisha nikapita fremu baada ya fremu na *you huo*. Ya tisa walikuwa na katoni 12 za miavuli ya kukunja, vyuma 8, rangi tatu. Nimelipa 30%, zinafika ghalani Alhamisi saa nne. Nitafungua zote 12, si kadhaa.

Mabegi bado. Zipu ndiyo inanitia wasiwasi: mnaijaribuje mkiwa pale dukani?

KontenaLaPili alijibu:

Lijaze begi vitabu mpaka litune, ndipo ufunge na kufungua mara 20. Zipu mbovu haijionyeshi begi likiwa tupu. Halafu linyanyue kwa kamba moja ya bega na uangalie mshono wa juu.